Biashara ya Mtandaoni na Lugha ya Mnunuzi: Wanafunzi wa Kiswahili Tuko Wapi?

Ni jambo lisilopingika kwamba sehemu kubwa ya soko letu imehamia kiganjani. Mtu aliyeketi Kisumu huagiza viatu vilivyoko Nairobi, akavilipia kwa simu, na baada ya siku moja au mbili akavipokea kutoka kwa mhudumu wa bodaboda. Mambo haya hayakuanza jana. Amazon ilianza kuuza vitabu mtandaoni mwaka wa 1995. Kwetu Kenya, njia ilifunguka hasa baada ya M-Pesa kuzinduliwa mwezi wa Machi 2007, kwa kuwa wananchi wengi wasiokuwa na kadi za benki walipata namna ya kumlipa muuzaji aliye mbali. Jumia, iliyoasisiwa Lagos mwaka wa 2012, ilifungua milango yake hapa nchini muda si mrefu baadaye, na Kilimall ikafuata mwaka wa 2014. Kisha mwaka wa 2020 ukaja na ugonjwa wa korona, kafyu na vizuizi vya usafiri. Watu ambao hawakuwa wamewahi kuagiza hata kijiko mtandaoni wakajikuta wakiagiza sabuni na unga.

Mengi yamesemwa kuhusu mitaji, kodi na ushindani katika biashara hii. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, nami sina mizani ya kupimia faida na hasara za makampuni. Ninalotaka kulijadili hapa ni lugha. Maoni yangu ni kwamba biashara ya mtandaoni nchini mwetu huzungumza Kiswahili inapotutafuta na inapotufikishia mzigo, lakini hugeukia Kiingereza pale inapotufunga kwa masharti. Aidha, ninadai kwamba sisi tunaosomea Kiswahili tuna fungu letu la lawama katika hali hii.

Kisa cha cherehani

Nianze na kisa kilichonifika karibu. Shangazi yangu ni mshonaji katika soko moja dogo huko Ukambani. Alisoma hadi darasa la saba. Husoma Biblia ya Kiswahili kila jioni, na gazeti la Taifa Leo akilipata halimponyoki. Mwaka juzi, zamu yake ya chama ilipofika, aliamua kununua cherehani mpya. Binti yake alimwonyesha picha ya cherehani nzuri katika duka moja la mtandaoni ambalo sitalitaja. Picha ilionyesha mashine ikiwa juu ya meza yake, pamoja na mota na kanyagio. Bei ilikuwa shilingi 14,500, na juu yake yaliandikwa maneno ya Kiswahili ya kumhimiza mteja asichelewe. Shangazi hakuchelewa.

Mzigo ulipofika, ndani ya katoni mlikuwa na kichwa cha cherehani peke yake. Hapakuwa na meza, mota wala kanyagio. Alidhani vitu vilivyosalia vingeletwa kwa gari jingine, akangoja. Siku ya tisa ndipo aliponipigia simu. “Mwanangu,” akaniambia, “nimeletewa kichwa. Hebu niulizie kiwiliwili kimebaki wapi.”

Nilifungua ukurasa wa duka lile na kusoma maelezo hadi mwisho. Chini kabisa, baada ya orodha ndefu ya sifa za mashine, paliandikwa kwa Kiingereza kwamba kinachouzwa ni kichwa tu. Katika ukurasa mwingine, pia kwa Kiingereza, palielezwa kwamba bidhaa hurejeshwa katika muda wa siku saba, ikiwa ndani ya katoni ambayo utepe wake haujakatwa, na kwamba nauli ya kuirejesha hulipwa na mnunuzi. Siku saba zilikuwa zimepita, na utepe shangazi alikuwa ameukata kwa makasi yake mwenyewe, tena kwa furaha.

Ningependa kutenda haki. Duka lile halikusema uongo. Kila jambo lilikuwa limeandikwa. Lakini liliandikwa kwa nani? Wahenga walituonya tusinunue mbuzi kwenye gunia. Mbuzi wa shangazi hakuwa kwenye gunia. Alikuwa hadharani, ila maelezo yake yalikuwa kwa lugha ambayo mnunuzi hakuimudu. Tofauti ya mambo hayo mawili, kwa mtu aliyekwisha kulipa, ni ndogo mno.

Duka moja, lugha mbili

Tukichunguza safari ya ununuzi tangu mwanzo hadi mwisho, tutaona jinsi lugha inavyobadilika njiani. Mwanzoni mna majina. Makampuni yetu yanajua thamani ya jina la Kiswahili. M-Pesa imebeba pesa. M-Shwari, iliyozinduliwa mwaka wa 2012, imebeba utulivu wa bahari. Safaricom ilipofungua soko lake la mtandaoni mwaka wa 2017, ililiita Masoko. Fuliza ya mwaka wa 2019 imetwaa kitenzi ambacho wengi wetu tulikuwa tukikiona kwenye kamusi tu, na leo kila abiria wa matatu anakijua. Baada ya majina huja matangazo, nayo pia hupenda Kiswahili, hasa chenye mzaha na vina.

Katikati ya safari ndipo Kiswahili hupotea. Maelezo ya bidhaa, hatua za kuagiza, masharti ya kurejesha, ahadi ya kutengenezewa kifaa kikiharibika na idhini ya kutumia habari za siri za mteja, yote haya aghalabu huwa kwa Kiingereza. Na si Kiingereza cha kawaida, bali kile cha mawakili, ambacho hata mhitimu wa chuo kikuu hukipita mbio na kubofya mahali pa kukubali.

Mwishoni mwa safari, Kiswahili hurudi. Nyumba zetu nyingi hazina nambari wala barabara zetu majina. Kwa hivyo mhudumu wa bodaboda hupiga simu, naye mnunuzi humwelekeza: pita kanisa, ukifika penye kinu cha posho kata kushoto, ukiona lango la kijani uliza kwa Mama Fulani. Maelezo haya hayamo katika programu yoyote ya simu. Ni ufundi wa lugha unaofaa kutafitiwa na wanaisimu, na bila ufundi huo mizigo mingi ingelala njiani. Yaani biashara hii ya kisasa, pamoja na mitambo yake yote, hatimaye husimama au huanguka kwa Kiswahili cha watu wawili wasiofahamiana.

Waama, kama Kiswahili kinatosha kumleta mteja dukani na kinatosha kumfikisha mhudumu mlangoni, ni sababu gani inayokifanya kisitoshe kumweleza mteja haki zake? Menyu ya M-Pesa humpa mteja nafasi ya kuchagua Kiswahili. Hapo penyewe pana ushahidi kwamba jambo hili linawezekana, na kwamba mwenye kampuni akitaka, hufanya.

Hapa sheria nayo ina neno. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka wa 2012 inazungumzia hata mapatano yanayofanywa kupitia intaneti, na kumtaka muuzaji atoe habari kabla ya mapatano kufungwa. Mimi si mwanasheria. Hata hivyo, nauliza kama msomaji wa kawaida: habari iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa mnunuzi imetolewa kweli, au imewekwa tu mahali?

Msamiati haujatupungukia

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya biashara hii. Hoja hiyo inanishangaza, maana Kiswahili ni lugha iliyokulia sokoni. Bei, faida, hasara, thamani, dalali, mnada na rasilimali ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Hundi, bima na laki zilitujia kutoka Bara Hindi. Tunatofautisha biashara ya jumla na ya rejareja bila kubabaika. Tuna hata neno mali kauli, yaani bidhaa anazokabidhiwa mfanyabiashara kwa ahadi ya mdomo kwamba atazilipia baadaye. Jamii iliyobuni jina la mkopo unaosimama juu ya kauli ya mtu haiwezi kushindwa kumweleza mnunuzi lini atarudishiwa fedha zake.

Isitoshe, lugha ya biashara bado inazaliwa mbele ya macho yetu. Nenda Gikomba asubuhi mtumba unapofunguliwa. Nguo bora zinazochaguliwa kwanza huitwa kamera. Zile za mwisho, zinazouzwa kwa bei ya kutupa, huitwa fagia. Hakuna kamati iliyoketi kuamua hivyo. Wachuuzi walihitaji maneno, wakayapata, na wanunuzi wakayaelewa siku hiyo hiyo. Leo wachuuzi hao hao hunadi nguo zao mubashara kwenye simu, wakiimba bei na kumtania mtazamaji aliye mbali kana kwamba amesimama mbele yao. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetafuta mada ya tasnifu asisumbuke kwenda mbali. Ulumbi wa sokoni umepata jukwaa jipya, nao unasubiri mtu wa kuurekodi na kuuchambua.

Sisi tuko wapi?

Hapa ndipo ninapotugeukia sisi wenyewe. Katika semina zetu tumetumia saa nyingi kubishana kama chombo kile kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na kama simu ya mkononi iitwe rununu au simu tamba. Sisemi mjadala huo hauna maana. Uundaji wa istilahi ni taaluma yenye kanuni zake. Lakini tulipokuwa tukibishana kuhusu jina la chombo, watu waliingia ndani ya chombo chenyewe, wakafungua maduka, wakauziana na kudhulumiana humo, nasi hatukuandika hata ukurasa mmoja wa kuwaongoza. Hata anayetaka kusoma uchambuzi wa mara kwa mara wa mienendo ya soko hili, kama vile bei zinavyopandishwa kabla ya kutangazwa kuwa zimeshushwa, mara nyingi hulazimika kuusoma kwa Kiingereza.

Nina ushahidi wa karibu kuhusu udhaifu wetu, nao unanihusu mwenyewe. Baada ya mkasa wa cherehani niliamua kumtafsiria shangazi masharti yale ili asinaswe tena. Nilijitahidi kweli kweli. Niliandika kuhusu “mtejaji husika”, “urejeshwaji wa bidhaa iliyomiliki kasoro” na “muamala usiobatilishika”. Nilijiona nimefanya kazi ya kisomi. Shangazi aliisoma karatasi ile polepole, akavua miwani, akaniuliza: “Sasa hiki ni Kiswahili cha nani?”

Swali hilo liliniuma kuliko maoni ya msimamizi wangu yeyote. Nilikuwa nimemtoa katika Kiingereza asichokielewa na kumwingiza katika Kiswahili asichokielewa. Niliketi naye siku ya pili, kalamu mkononi, nikimuuliza yeye angesemaje. Neno dhamana, kwa mfano, nililolitumia kwa ahadi ya kutengenezewa kifaa kikiharibika, lilimtisha. Kwake dhamana ni ile anayolipiwa mshtakiwa ili atoke rumande. Tukaandika: “Ikiharibika kabla ya mwaka mmoja, wataitengeneza bila malipo.” Neno muamala tulilifuta kabisa. Kurasa nne za Kiingereza zikawa mistari kumi na miwili ya Kiswahili, na kila mstari ukajibu swali ambalo mnunuzi angeuliza kwa kinywa chake: Ninalipa kiasi gani, pamoja na nauli? Ninachopata ni kizima au ni sehemu? Nina siku ngapi za kukirudisha? Nikifungua katoni nimepoteza haki yangu? Nauli ya kukirudisha ni ya nani? Fedha zangu zitarudi lini, na kwa njia gani?

Shangazi aliibandika karatasi hiyo ukutani, karibu na kalenda. Wanawake wenzake wa chama huja kuisoma kabla ya kuagiza kitu. Katika miaka yangu yote ya kusomea Kiswahili, hiyo ndiyo kazi yangu ya pekee inayosomwa na watu wasiolazimishwa na mtihani.

Pingamizi na majibu yake

Yamkini msomaji ana pingamizi. La kwanza ni kwamba wanaonunua mtandaoni ni watu wa mjini wanaojua Kiingereza. Labda ilikuwa hivyo mwanzoni. Lakini soko lenyewe limekuwa likienda mashambani. Kampuni ya Copia ilijenga biashara yake kwa kuwatumia mawakala wa vijijini, aghalabu wenye maduka, waliowaagizia majirani zao bidhaa. Ninaamini wakala wa aina hiyo alikuwa pia mkalimani, hata kama cheo hicho hakikuandikwa popote. Copia iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwezi wa Mei 2024, na mnunuzi anayempoteza wakala hubaki peke yake na kioo cha simu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: lugha haiuzi bidhaa. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019, katika nchi ambako Kiswahili kimeenea kuliko kwetu. Ninakubali. Petroli, barabara, mitaji na mazoea ya wanunuzi vina nguvu kuliko sarufi, nami sidai kwamba Kiswahili kingeiokoa kampuni yoyote. Dai langu ni dogo zaidi, na kwa hiyo ni gumu zaidi kulipinga: biashara ipate faida au isipate, anayelipa ana haki ya kuelewa analolikubali.

Pingamizi la tatu ni la siku hizi. Tunaambiwa kwamba simu yenyewe hutafsiri ukurasa mzima kwa kubofya mara moja. Ni kweli, na tafsiri za mitambo zimeendelea sana. Lakini tafsiri ya mtambo haina mwenyewe. Ikikosea kati ya dhamana ya mahakamani na ile ya bidhaa, au ikisema fedha “zitarejeshwa” pale ambapo asili ilisema “zinaweza kurejeshwa”, nani atawajibika? Muuzaji atasema yeye aliandika Kiingereza. Mtengenezaji wa mtambo atasema hakuwa dukani. Hasara itabaki kwa aliyesoma. Masharti ya Kiswahili yenye nguvu ni yale ambayo muuzaji mwenyewe ameyaandika na kuyakubali kuwa yake.

Tufanye nini?

Sipendekezi makubwa. Kwanza, idara zetu za Kiswahili zinazofundisha tafsiri ziwape wanafunzi masharti halisi ya maduka halisi, na tafsiri isahihishwe na mhadhiri pamoja na mnunuzi mmoja wa kawaida. Mnunuzi akishindwa kuielewa, mwanafunzi arudie. Pili, chama chetu kitenge ukurasa katika kila toleo la jarida hili kwa masuala ya soko, uandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, na nakala zake zipelekwe kwenye vyama vya akina mama na vituo vya bodaboda. Tatu, tuwaandikie wenye maduka ya mtandaoni tukiwaomba waweke mbele ya kila mnunuzi ukurasa mmoja wa Kiswahili kabla hajalipa. Wengine watakataa. Wengine wataona kwamba mteja aliyeelewa halalamiki sana, wala harejeshi mizigo ovyo, na watamtafuta mtu wa kuwaandikia. Mtu huyo awe mmoja wetu. Kila mwaka wahitimu wa Kiswahili hutoka vyuoni wakidhani kwamba kazi zao ni kufundisha au kusoma habari tu, ilhali kuna mlango huu ambao hatujaubisha.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mnunuzi wa leo ni ule ukurasa wa masharti, na kwa sasa limeandikwa kwa lugha inayomfaa zaidi anayeuza. Shangazi aliishia kununua meza kuukuu na kanyagio kutoka kwa fundi wa pale sokoni kwa shilingi 6,000 alizokopa chamani. Cherehani inafanya kazi, na sare za shule ameshona nyingi. Deni alilimaliza mwezi wa Agosti. Kila nikipita kwake huniuliza kama kule chuoni tumekwisha kuandika ile karatasi kwa maduka mengine. Hadi sasa sijapata jibu la kumpa.